Msukaji: Hajulikani

Zawadi, wewe na wenzako mliniomba niandike mambo ya kazi yetu ya makumbusho kabla hayajanitoka kichwani. Nilikataa. Siku ile ya kuniaga mlishanisomea risala iliyoniita "hazina hai", nikiwa nimekaa kwenye kiti kilichofungwa riboni, na muda wote nilikuwa najiuliza kama kinachofuata ni kuandikwa namba kwa wino na kufungiwa kabatini. Mwezi uliopita nilibadili mawazo. Sababu nitaisema mwishoni, maana ndiko ilikotokea.

Msitegemee habari za vyeo. Vilikuwa vichache na havikunibadilisha chochote, hata viatu. Nataka kuandika juu ya neno moja nililoliandika kwa mkono wangu, ambalo mnapita mbele yake kila siku kwenye kabati la tatu.

Nilifika Iringa kutoka Uyole nikiwa na cheti cha darasa la saba na mwandiko mzuri. Cheti hakuna aliyekiuliza. Nilipewa ufagio na sentensi moja: "Fagia, usiguse." Siku ya kwanza nilifagia kuzunguka ngoma, vigoda, mikuki na mitungi ya watu ambao wajukuu wao nilikuwa nimewaacha nje wakiuza nyanya. Niliona ajabu kidogo. Kisha nikaona ajabu zaidi kwamba hakuna mwingine aliyeona ajabu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Sanga, mtunza rejista, mtu wa Makete, mfupi, aliyeongea na mikuki kwa upole ambao hakuwahi kuwapa binadamu. Aliona mwandiko wangu kwenye daftari la mahudhurio, akaniita.

"Unajua kuandika?"

"Najua, mzee."

"Unajua kukosea?"

Sikumwelewa.

"Kukosea kila mtu anajua," akasema. "Nauliza ukishakosea unafanyaje."

Akafungua rejista kubwa, ile yenye jalada la kitambaa cheusi, akanionyesha ukurasa. "Humu hatufuti. Hatuchani. Ukikosea unakata mstari mmoja tu, neno la kwanza libaki linasomeka, unaandika lililo kweli juu yake, unaweka saini yako. Aliyekosea ndiye anayesahihisha. Anayefuta ni mwizi."

Hiyo ndiyo elimu yangu ya juu. Mengine yalikuwa ya mikono: burashi ya manyoya kwa vumbi la vikapu, kitambaa kikavu kwa mbao, glavu za pamba kwa chuma, vidonge vya naftalini kwenye kila pembe. Nilinuka naftalini mpaka mke wangu, Edina, akasema ameolewa na sanduku la nguo. Edina alikuwa mtu wa Ifunda. Alisuka vikapu vya milulu, zile nyasi ndefu za mabondeni, tangu utotoni, kwa mkono wa kushoto, ingawa mama yake alimchapa ili atumie wa kulia. Kula alikula kwa kulia. Kusuka hakuna aliyemweza.

Baada ya miaka kadhaa, aliyekuwa akitembeza wageni alihamishwa, nikapewa hotuba yake niikariri. Niliikariri. Mwalimu alikuwa analeta watoto hamsini, anawaambia "nakilini," kisha anakwenda sokoni kutafuta viazi. Watoto wananakili lebo: Mkuki. Urefu. Mahali. Kigoda. Kimo. Mahali. Wanarudi shule na kurasa nne za vimo na urefu. Mwaka unaofuata wanakuja wengine hamsini. Wakubwa wetu waliandika kwenye taarifa kwamba vijana wamehudhuria, na ni kweli, walikuwa wamehudhuria kama magunia yanavyohudhuria ghalani.

Mara moja tu niliona kazi hii ikifanyika inavyostahili. Tulipewa gari tupeleke vitu shuleni, Mbalizi, kisha Rujewa. Makabati ya kioo hayakuingia kwenye gari, kwa hiyo tulipanga vitu juu ya madawati na watoto wakavishika. Rujewa mtoto mmoja wa wafugaji aliitikisa njuga ya ng'ombe tuliyokuwa tumeiandika "njuga ya ngoma", akasema, "Hii siyo ya ngoma, hii ni ya dume linalotangulia." Darasa zima likaanza kubishana. Dereva alilalamika kwamba tunachelewa. Niliporudi nilisahihisha rejista, mstari mmoja na saini. Baada ya safari ya pili mpango ulifutwa kwa maelezo kwamba vielelezo vinachakaa. Njuga ikarudi kabatini, mahali ambapo haiwezi kuchakaa wala kulia.

Sasa nifike kwenye kikapu.

Mzee Sanga alikuwa ameshazikwa Makete, na rejista ilikuwa mikononi mwangu. Tulipata taarifa ya ghafla kwamba kesho yake wangekuja wageni wakubwa. Nikafungua kabati la tatu kusafisha, nikainua kikapu cha zamani, na mshikio ukaja peke yake. Wadudu walikuwa wamekula chini yote. Wakati ule mkuu wa kituo alikuwa bwana mmoja aliyependa suti za rangi ya krimu.

"Kabati haliwezi kuwa tupu," akasema.

Nikasema nyumbani kuna kikapu.

Edina alikuwa anatumia kikapu kile kuwekea mahindi ya kupukuchua. Aliyamwaga kwenye ungo, akakikung'uta, akanipa.

"Kinaenda wapi?"

"Kazini."

"Kitarudi?"

"Kitarudi, Mama Neema."

Hakikurudi. Wageni walikisifia, kwa hiyo mkuu akaamuru kiingizwe kwenye rejista. Nikajaza. Jina la kitu: kikapu cha milulu. Mahali: Ifunda. Nilipofika kwenye nafasi ya msukaji nikamuuliza, "Hapa naandika Edina Kihwele?"

"Nani huyo?"

"Mke wangu. Ndiye aliyekisuka."

Bwana yule alicheka mpaka akavua miwani. "Mke wako yuko wapi sasa hivi?"

"Nyumbani. Anapika."

"Mtu anayepika sasa hivi hawezi kuwa makumbusho. Sisi tunahifadhi mababu, hatuhifadhi wake za wahudumu. Ukiandika jina, hicho kinakuwa kikapu cha sokoni. Andika hajulikani."

Niliandika. Sitamsingizia, hakunishika mkono. Kalamu ilikuwa yangu na mwandiko ni wangu, mzuri kama kawaida. Msukaji: Hajulikani. Niliandika hivyo kwenye rejista, nikaandika tena kwenye lebo. Mtu ambaye asubuhi hiyo alinipa uji.

Miezi michache baadaye akina mama wa kanisani kwetu walikuja kutembelea, na Edina akiwa mmoja wao, kitenge kipya, viatu vya Jumapili. Niliwatembeza, nikijaribu kuliruka kabati la tatu. Mmoja wao akaita, "Mama Neema, si kikapu chako hiki?" Wakakusanyika. Edina akainama akasoma, polepole, kwa sauti, kama mtu anayesoma cheti cha hospitali.

"Msukaji. Ha-ju-li-ka-ni."

Wenzake walikufa kwa kicheko. "Yesu wangu! Edina hajulikani! Nani aliyekula mchicha wake jana?" Yeye aliinuka, akanyoosha kitenge, akaniangalia, akaenda kuangalia ngoma.

Nyumbani hakugomba. Alisema tu, "Bwana Hajulikani, chai iko mezani." Likawa jina langu. Bwana Hajulikani, mvua inakuja, toa nguo. Bwana Hajulikani, mwanao ana homa. Nilicheka naye miaka yote, nikidhani anatania. Alikuwa anatania, ila siyo hivyo tu. Siku moja, tukipukuchua mahindi, aliniuliza bila kucheka: "Ulishindwa nini kuandika herufi tano?" Nikamweleza habari za mkuu, za mababu, za utaratibu. Alisikiliza mpaka mwisho. "Haya," akasema, na akaendelea na mahindi.

Neno hilo, haya, ninalo mpaka leo.

Edina aliugua muda mfupi na akafariki. Tulimzika Ifunda. Fundi wa msalaba hakuwa na mwandiko, akaniomba niandike mwenyewe. Nilikwenda kazini nikachukua burashi nyembamba ya kuandikia lebo, nikaandika kwa rangi nyeupe herufi tano, kisha saba za jina la baba yake. Fundi akasema, "Mzee, una mwandiko mzuri sana." Nikamshukuru. Ndiyo mara ya kwanza nilipoliandika jina la mke wangu kwenye kibao.

Karibu mwaka mmoja baadaye walikuja wanafunzi wa kidato cha pili, na mwalimu wao akatoa amri ya kawaida ya kunakili. Nilikuwa nimetoa kikapu kabatini nikikipiga burashi, kimelala mezani kitako juu. Msichana mmoja, Jesca, aliacha daftari akaja kusimama karibu. Kabla sijasema usiguse, alishakigusa.

"Babu, aliyesuka hiki ni mashoto."

Burashi ilinidondoka.

"Umejuaje?"

"Si angalia alipoanzia. Bibi yangu akianza, inazunguka hivi." Akazungusha kidole hewani. "Hii inazunguka kinyume. Halafu anakaza huyu! Bibi angemcheka, angesema unasuka kikapu au unafunga ng'ombe?"

"Bibi yako yuko wapi?"

"Tanangozi. Ana mdomo huyo, usiombe." Akacheka, kisha akasoma lebo iliyokuwa pembeni. Akakunja uso. "Hajulikani na nani?"

Niliokota burashi.

"Babu, hajulikani na nani? Maana hiki si cha zamani hivyo. Huyu mtu alikuwa na majirani. Alikuwa na watoto. Nani alikwenda kuuliza akakuta hajulikani?"

"Jesca!" mwalimu akaita kutoka mlangoni. "Umeambiwa unakili, hukuambiwa uhoji."

Akarudi kwenye daftari, na kwa utii kabisa akanakili: Msukaji, hajulikani. Nilimwona akiandika. Kila mwaka tangu niandike lebo ile, watoto walikuwa wamenakili uongo wangu kwa kalamu za bluu, na aliyeuliza swali ni huyo mmoja, naye akakemewa.

Kesho yake nilikwenda kwa mkuu mpya, huyu mnayemjua, kijana msomi, mpole. Nikamweleza yote. Akanipa pole ya msiba kwa unyenyekevu kabisa. Kisha akasema, "Ila mzee wangu, kubadilisha taarifa kunahitaji ushahidi."

"Mimi ndiye niliyekileta."

"Wewe ni mume wake. Una maslahi."

"Nilipoandika hajulikani nilileta ushahidi gani?"

"Hiyo imeshakuwa rekodi," akasema.

Basi nikaelewa. Uongo ulipoingia haukuulizwa kitambulisho. Ukweli umefika mlangoni unaambiwa ulete mashahidi wawili. Na angalieni utaratibu ulivyo mzuri: mwanzoni Edina hakuandikwa kwa sababu yu hai, anapika. Sasa haandikwi kwa sababu amekufa, hawezi kuthibitisha. Sijui kama kuna siku katikati ambayo angefaa.

Mwaka huo huo nilipelekwa kwenye semina Mbeya, juu ya makumbusho na kizazi cha sasa. Ilifanyika katika ukumbi wa hoteli wenye mapazia mazito. Tulikuwa wazee watupu. Kizazi cha sasa kilikuwa wasichana watatu waliovaa aproni wakigawa chai. Mtaalamu alituonyesha picha ukutani na kutuambia kijana wa leo hajali alikotoka, anajali simu. Wote wakatikisa vichwa kwa huzuni, kisha wakachungulia simu zao.

Wakati wa chai nilimuuliza mmoja wa wale wasichana kama amewahi kuingia makumbusho.

"Nilipelekwa darasa la sita," akasema. "Tuliambiwa tusiguse, tusiongee, tusikae. Nikaona bora nikakae nje. Niongeze sukari, baba?"

Kipindi cha maswali nilinyoosha mkono. Mimi siyo msemaji, lakini niliwaeleza habari za Jesca na kitako cha kikapu, na njuga ya Rujewa. Nikasema watoto hawa wanajua kusoma vitu vyetu kuliko sisi, na tatizo siyo kwamba hawaulizi, tatizo ni kwamba wakiuliza hatuna jibu, kwa sababu tuliandika uongo au hatukwenda kuuliza. Mtaalamu akasema, "Mchango mzuri sana, mzee wetu." Akaandika kitu ubaoni. Aliandika: VIJANA WANAPENDA KUGUSA.

Na hivyo ndivyo tulivyopata kioo cha kugusa.

Mnakijua. Kimesimama karibu na kabati la tatu. Kioo kinaguswa, kikapu hakiguswi. Umeme ukikatika mtoto anagusa sura yake mwenyewe. Walipokuja kuingiza maandishi niliwaomba, kwa heshima, wasubiri nisahihishe lebo. Wakasema wanaingiza kilichopo. Wakainakili, kama wale watoto wa mwalimu, na wakaitafsiri. Sasa mke wangu hajulikani kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na unaweza kuikuza herufi kwa vidole viwili.

Kwa hiyo msinishangae kwa nililofanya wiki yangu ya mwisho kazini. Sikuiba wala sikubadilisha lebo kwa siri. Katika maisha yangu yote ya kazi sijaingiza kitu kabatini bila rejista. Saa sita mchana, ofisi ikiwa wazi na wewe Zawadi ukiwa mezani kwako, nilifungua jalada jeusi, nikatafuta ukurasa, nikaweka rula. Nikakata mstari mmoja. Hajulikani bado inasomeka, na ninataka isomeke. Juu yake nikaandika: Edina Kihwele, wa Ifunda, mkono wa kushoto. Nikaweka saini. Uliniangalia nikiandika. Nikafunga kitabu, nikaenda kunawa wino.

Simu ya mkuu ilikuja nikiwa nimesharudi Uyole, napalilia maharage.

"Mzee, shikamoo. Umeharibu rejista."

"Marahaba. Nimeisahihisha. Aliyekosea ni mimi."

"Lakini tulikubaliana hakuna ushahidi."

"Geuza kikapu."

"Unasemaje?"

"Geuza kikapu, mwanangu. Angalia kitako."

Akasema atalifikisha panapohusika. Nadhani bado linasafiri.

Mwezi uliopita nilikuja Iringa kupeleka maua kaburini, na mvua ikanikuta mjini. Niliingia kwetu kama mgeni, nimevaa koti la mvua na kofia, nikasimama nyuma ya kundi la wanafunzi. Sikutaka kusalimiwa. Nilitazama kioo kwanza. Kilikuwa kinawaka, na kilikuwa kinasema kile kile. Lebo pia. Nikajiambia, haya.

Kisha nikaona kikapu. Kilikuwa kimepinduliwa, kitako juu, taa ya kabati inapiga pale pale alipoanzia, milulu ikizunguka kinyume. Lebo hamjaruhusiwa kuigusa, najua. Kukigeuza kikapu wakati wa kukipiga burashi hakuna barua inayokataza.

Wanafunzi walikuwa wanacheka. Mmoja akakuita, Zawadi, na wewe hukuwa umeniona.

"Dada, mbona kikapu kimekaa matako juu?"

"Ili uone alipoanzia."

"Nani?"

Ulikitazama kioo, ukaitazama lebo, ukawageukia. Ukalitaja jina lake lote, la ubatizo na la baba yake, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyomtaja jirani. Wawili watatu wakaliandika kwenye madaftari. Mmoja akakuuliza linaandikwaje, ukamtajia herufi moja moja.

Nilihesabu. Zilikuwa zote.